Kufunga rejeta ya oili kwenye gari la tabo: maelezo ya fundi wa Mtwara

Kabla hujatoa hela ya kununua rejeta ya oili, kifaa kinachopoza oili ya injini kwa hewa, funga geji ya joto la oili. Hili namwambia kila kijana anayeingia na gari lililoongezwa nguvu kwenye gereji yangu hapa Magomeni, Mtwara. Wengi hawalipendi, maana rejeta inaonekana kwenye mdomo wa bampa na kila mtu anaisifia, ila geji ni ya dereva peke yake. Lakini bila geji hujui kama una tatizo, na ukishafunga rejeta hutajua kama umeliondoa au umeleta jingine.

Mfano nitakaoutumia ni gari la mpwa wangu: Impreza WRX, injini ya EJ20 ya lita mbili, tabo imetolewa ikawekwa kubwa zaidi, ekzosi imefunguliwa, na kompyuta imepangwa upya. Aliniambia, "Mjomba, gari haichemshi, mshale uko katikati muda wote." Mshale ule ni wa maji. Tena kwenye magari mengi ya Kijapani mshale wa maji umetengenezwa ukae palepale katikati hata maji yakipanda nyuzi kadhaa, ili dereva asiwe na wasiwasi kila akipanda kilima. Oili haina mshale kabisa. Tulifunga geji, tukatoka Mtwara hadi Mingoyo, tukashika barabara ya Masasi kupitia Mtama na Ndanda, na hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Tulipoanza kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, gari likiwa gia ya pili na tabo inasukuma muda wote, maji yalitulia lakini oili ilivuka nyuzi 125 na ilikuwa bado inapanda. Hapo ndipo niliposema sawa, rejeta inahitajika.

Joto gani ndilo sahihi

Kwa gari la barabarani nataka oili iwe kati ya nyuzi 90 na 110 kwenye mwendo wa kawaida. Ikigusa 120 ukipanda mlima kisha ikarudi, na ndani kuna oili nzuri ya sintetiki, sina ugomvi nayo. Ikikaa juu ya 130 naanza kuzihofia beringi za konrodi (zile zinazokaa kati ya konrodi na krenki), na kwenye EJ hofu hiyo ina haki yake, kwa sababu beringi hizo ndizo hufa mapema injini ikikosa oili ya kutosha. Injini nyingi za aina hii zilizonoki, yaani zilizokufa kwa kugonga ndani, zilianzia hapo.

Sababu iko kwenye mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka. Namba inayofuata W kwenye dumu la oili inaeleza mnato wake kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 ina mnato kati ya 9.3 na 12.5, na ya 40 ni kati ya 12.5 na 16.3, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Joto likizidi hapo, mnato unashuka haraka. Oili ya 40 ikifika nyuzi 130 inakuwa nyepesi kuliko ya 30 iliyo kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo kijana anayejisifu kuwa ametia oili nzito huku geji inasoma 135, beringi zake zinapata oili nyepesi kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Namba ya kabla ya W ni ya baridi kali. Huku kwetu, ambako hata asubuhi ya Julai huhitaji koti zito, isikusumbue: iwe 5W au 10W, injini itawaka bila shida.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawausikilizi. Oili ikiwa baridi mno nayo inaua injini, ila taratibu. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya kwenye pistoni ikashuka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, pamoja na petroli kidogo. Uchafu huo unatoka tu oili ikipata joto la karibu nyuzi 100 kwa muda wa kutosha. Mtu anayekaa Shangani, anayeenda sokoni na kurudi, akifungiwa rejeta kubwa isiyo na thamostati (vali inayozuia oili isiende kwenye rejeta mpaka ipate joto), oili yake haitafika hata 75. Fungua kifuniko cha oili cha gari kama hilo utakuta utando mweupe mzito upande wa ndani. Unyevu wa pwani haumsaidii.

Nimesikia mafundi wakisema Mtwara ni joto, thamostati ya nini? Fanya hesabu. Hewa ya mchana ni kama nyuzi 30, oili unayoitaka ni nyuzi 100. Tofauti ni nyuzi 70. Kwa rejeta hewa hiyo bado ni baridi sana, hata kama wewe unatokwa jasho. Thamostati ni lazima, Mtwara, Lindi, hata Liwale.

Mambo ya kufanya kabla ya rejeta

Injini nyingi za EJ za tabo zimetoka kiwandani na kifaa cha kupoza oili kwa maji, kiko palepale filta inapokaa. Ni kifaa kizuri: asubuhi maji yanaisaidia oili kupata joto haraka, na njiani yanachukua joto la oili. Maana yake ni kwamba rejeta ya maji ikiwa imeziba, oili nayo inaumia. Kwa hiyo anza na rejeta ya maji. Fungua bampa uangalie uso wake. Magari ya huku yanakula vumbi, chumvi ya bahari, wadudu wa usiku wa barabara ya Kibiti, na ukitoka Msimbati kuna mchanga unaoshikana na unyevu ukakaa katikati ya mapezi kama simenti. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, usipige kwa presha kubwa ukalaza mapezi. Angalia feni zote mbili zinazunguka. Angalia kama kinga ya plastiki ya chini ya injini ipo, maana ndiyo inayoielekeza hewa. Badili oili kwa ile ambayo kitabu cha gari kinairuhusu kwa joto na kazi ngumu. Kwa gari la mpwa wangu tulitoka 30 tukaingia 40. Pima kiwango kwenye dipstiki: oili pungufu inazunguka mara nyingi zaidi na kupata moto zaidi.

Magari mengine yanaponea hapa, na mwenye gari anarudi nyumbani na hela yake. La mpwa wangu lilishuka kidogo tu, likabaki juu ya 120 kwenye mlima uleule.

Kununua vifaa

Rejeta yenyewe chagua ile ya sahani zilizopangwa na kuunganishwa kwa kuchomewa. Inapoza vizuri kwa ukubwa wake na inavumilia mawe kuliko ile ya bomba moja lililovishwa mapezi. Setrab na Mocal ni majina ambayo mafundi wa magari ya mbio wameyaamini miaka mingi. Kwa lita mbili ya tabo inayotembea barabarani, safu za sahani kati ya 13 na 19 zinatosha. Usirukie 25 au 34 kwa sababu tu imeingia kwenye bampa.

Rejeta iliyotumika sikushauri hata kidogo, na hapa nakaza maneno. Maduka ya Gerezani na Ilala kule Dar es Salaam yana vifaa vingi vizuri vilivyotumika, na mimi mwenyewe nanunua huko vitu vingi. Lakini rejeta ya oili iliyotoka kwenye injini iliyonoki ina vipande vya chuma vya beringi vimejificha kati ya sahani. Hakuna petroli wala dizeli wala hewa ya kompresa itakayovitoa vyote. Siku oili yako ya moto itakapopita kwa nguvu, vitatoka vyenyewe viende vinakotaka. Wala muuzaji hawezi kujua rejeta ile ilitoka kwenye injini gani. Vivyo hivyo, ikiwa injini yako imenoki huku ina rejeta, ukijenga injini nunua rejeta mpya na mipira mipya.

Kinachofuata ni pleti ya sendwichi, ile inayokaa kati ya bloku na filta. Nunua yenye thamostati ndani, inayoanza kufungua kwenye nyuzi 80 na kitu. Pleti nzuri, hata thamostati ikiwa imefunga, inaruhusu oili kidogo ipite kwenye rejeta. Hilo limefanywa makusudi, rejeta ibaki imejaa na isipokee oili ya moto kwa ghafla. Angalia thredi za katikati: Subaru yako ni M20 kwa 1.5, na Toyota nyingi ni robo tatu ya inchi, thredi 16 kwa inchi. Zinakaribiana kiasi kwamba macho hayatoshi, na mtu mwenye nguvu anaweza kulazimisha moja iingie kwenye nyingine hatua chache. Chukua filta mpya ya gari lako uende nayo dukani, izungushe kwa vidole kwenye bolti ya pleti. Ikienda laini mpaka mwisho, ndiyo yenyewe.

Mtego kama huo uko kwenye matundu ya sensa. Geji nyingi za Kijapani zina sensa ya thredi 28 kwa inchi, na pleti nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina tundu la thredi 27 kwa inchi, zote zikiitwa moja ya nane. Sensa itaingia mizunguko miwili ikaze, fundi aongeze spana akidhani ni gundi imeganda, na pleti ya aluminiamu ipasuke. Tafuta adapta yake. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo.

Mipira na fitingi

Ningekuwa na saa moja tu ya kumfundisha mtu kazi hii, ningeitumia yote kwenye mipira. Joto kubwa linaimaliza injini baada ya muda, mpira ukichomoka unaimaliza kabla hujapata pa kuegesha. Oili yote inayolisha injini sasa inapita nje ya bloku, na pampu haitaacha kusukuma kwa sababu mpira umefumuka. Itaimwaga barabarani hadi sampu iwe tupu. Na ikimwagikia ekzosi ya tabo, una moto.

Kwa hiyo mpira wa rejeta ya maji hautakiwi hapa kabisa. Raba yake imetengenezwa kwa maji na inavimba na kulainika ikikutana na oili. Klipu za bisibisi hazitakiwi. Mji wetu una bandari, malori na mitambo, kwa hiyo wapo watu wanaobana mipira ya haidroliki kwa mashine, na kazi yao ni imara. Lakini mipira mingi ya kawaida ya haidroliki imepangiwa joto la mwisho nyuzi 100, na oili yako itavuka hapo kila siku. Soma maandishi ya ubavuni. Omba mpira wa oili wenye kuvumilia nyuzi 150, au agiza mipira ya magari ya mbio na fitingi zake.

Kipimo: kwa mipira inayozidi mita moja kila upande, tumia namba 10, ambayo tundu lake ni kama milimita 14. Namba 8 ni kama milimita 11, inafaa injini ndogo na njia fupi. Mpira mwembamba wenye kona nyingi unakula presha. Kona zinazohitajika zifanye kwa fitingi zilizokunjwa kwa mviringo, siyo zile za kona kali zilizotobolewa kwa drili.

Kukata mpira wenye waya za nje: zungushia tepe ngumu mahali pa kukatia, kata kwa grenda yenye jiwe jembamba, katikati ya tepe. Ndani ya mpira sasa kuna unga wa raba na chembe za waya. Hapa watu wengi wanakimbilia kufunga. Pitisha kitambaa safi kilichofungwa kwenye waya laini, puliza hewa, mimina oili safi ipite hadi itoke safi, kisha angalia ndani kwa tochi. Rejeta inakaa baada ya pampu, na kutegemea pleti yako, oili inayorudi kutoka kwenye rejeta inaweza kuwa haipiti tena kwenye filta kabla ya kufika kwenye beringi. Chembe moja ya waya inatosha kuikwaruza krenki.

Fitingi ya aluminiamu paka oili kabla ya kuzungusha, tumia spana mbili, moja ishike na nyingine ikaze, usiikamatie kwa koleo. Usizungushie tepe nyeupe ya mabomba kwenye fitingi ya koni. Kinachoziba pale ni koni mbili kukutana. Tepe inaharibu mkao, na vipande vyake vinaingia kwenye oili.

Kupitisha mipira: mbali na ekzosi, mbali na mkanda wa alteneta, na ukate usukani mpaka mwisho kushoto na kulia ukiangalia kama tairi linagusa. Kila inapopita kwenye bati weka raba ya kuzunguka tundu. Mpira wa nje wa waya ukiachwa usugue unakata bati, waya za umeme na mpira mwenzake kama msumeno. Ushike kwa vibano vyenye raba kila sentimita thelathini hivi. Acha ulegevu kidogo, maana injini inatikisika na rejeta imesimama kwenye bodi.

Mahali pa kuiweka

Impreza ina kipoza hewa ya tabo juu ya injini, kwa hiyo mbele kuna nafasi. Njia mbili zinatumika. Moja ni nyuma ya tundu la taa ya ukungu: hewa ni safi, na rejeta haimpi moto mtu mwingine. Ya pili ni katikati, mdomo wa chini wa bampa, mbele ya kondensa ya AC.

Wengi wataipenda ya taa ya ukungu, na kwa gari linalokimbia barabara ndefu, tuseme Mtwara hadi Daraja la Mkapa na kuendelea Dar es Salaam, ni nzuri sana. Mimi kwa gari la mpwa wangu nilichagua katikati. Tatizo lake lilikuwa mlima, gia ya pili, mwendo mdogo, mzigo mkubwa. Nyuma ya taa ya ukungu hakuna kinachovuta hewa gari likienda polepole, ila katikati feni kubwa za gari zinavuta kupitia kondensa na rejeta ya maji, na rejeta ya oili inafaidi. Nilichunga mambo mawili: iwe ya chini na fupi ifunike sehemu ndogo ya kondensa, na ibaki nafasi ya vidole vitatu katikati. AC ya mtu wa Mtwara usiiharibu, hatakusamehe.

Matundu ya kuunganishia mipira yaelekee juu, au pembeni ikishindikana. Yakielekea chini hewa itanaswa sehemu ya juu ya rejeta na nusu ya rejeta itakuwa haifanyi kazi. Ishikilie kwa raba, isikazwe chuma kwa chuma. Bodi inapojipinda kwenye makorongo, rejeta iliyokazwa inapasuka kwenye maungio.

Kisha hewa. Hewa ni mvivu, inapita palipo rahisi. Ukiweka rejeta ikaelea katikati ya bampa bila kuizungushia kitu, hewa nyingi itaizunguka tu. Tulikata bati jembamba la aluminiamu, tukatengeneza njia inayotoka kwenye mdomo wa bampa hadi kwenye kingo za rejeta, na tukaziba mianya kwa sponji ngumu. Mdomo wa njia unaweza kuwa mdogo kuliko uso wa rejeta, mradi unapanuka taratibu. Upande wa kutokea nao unahesabika: hewa isiyo na pa kutokea haingii. Wanaoweka nyuma ya taa ya ukungu wakate matundu kwenye plastiki ya ndani ya matairi, yaelekee nyuma, tope lisirudi. Mbele weka wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita moja. Kwenye vipande vya barabara ya kokoto, tairi la lori lililo mbele yako linarusha mawe.

Kufunga pleti na kuwasha

Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu. Toa filta, hakikisha oringi yake ya zamani haikubaki imeganda kwenye bloku, kwa sababu oringi mbili zikipandana zitavuja. Safisha uso kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Paka oili oringi ya pleti, iweke, geuza matundu yake kuelekea njia ya mipira uliyopanga, na ukaze bolti ya katikati kwa kipimo cha aliyeitengeneza, kwa spana ya toki. Kwenye EJ filta inaning'inia chini, imezungukwa na ekzosi, na pleti inaishusha zaidi. Zungusha filta uone kama haigusi, na piga picha kutoka ubavuni kujua iko juu kiasi gani kutoka ardhini. Kama imekuwa kitu cha kwanza cha kugonga jiwe, weka kinga ya bati chini.

Kabla hujaunganisha mpira wa mwisho, jaza rejeta oili safi kwa mkono, polepole, hadi isichukue tena. Jaza na filta. Ongeza oili kwenye injini kwa kiasi cha kawaida. Mita mbili za mpira wa namba 10 zinachukua kama theluthi moja ya lita, ongeza na rejeta yenyewe. Kwa jumla mfumo unaweza kuongezeka kwa karibu lita moja.

Toa fyuzi ya pampu ya petroli. Piga stata kwa sekunde kumi, pumzika, piga tena, mpaka geji ya presha inyanyuke au taa ya oili izime. Hapo tu ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Usipige resi. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine chini na tochi. Tone lolote, zima.

Acha ipate joto. Mwanzoni mipira miwili itakuwa na joto kidogo tu. Oili ikivuka 80 na kitu, mmoja utapata moto wazi, kisha wa pili, na hiyo ndiyo thamostati inafungua. Sogeza mkono karibu bila kukamata, oili ya joto hilo inaunguza. Injini ikiwa inasilensa tu, yaani inaunguruma gari limesimama, huenda isifike hapo, kwa hiyo zungukia hadi Mikindani na kurudi kwa mwendo wa kistaarabu. Ukirudi zima, subiri dakika kumi, pima dipstiki, ongeza. Chunguza kila fitingi tena.

Halafu linganisha presha. Ndiyo maana niliomba geji mapema, na kama unaweza, ya joto na ya presha zote mbili. Chukua vipimo vya kabla na baada kwenye joto lilelile la oili. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Presha ikishuka kidogo baada ya kufunga, ni kawaida, njia imerefuka. Ikishuka sana, kuna mpira uliojikunja au fitingi yenye tundu dogo. Tafuta kabla hujakanyaga mafuta.

Tuliporudi mlima wa Newala mchana wa jua, oili ilipanda ikasimama kwenye 108, na kwenye tambarare ilirudi 95. Hapo nilijua safu 16 tulizoweka zinatosha. Gari lako likisimama kwenye 80 barabara kuu, rejeta imezidi au thamostati haifungi vizuri: funika sehemu ya uso wake kwa bati upime tena. Usiliache likae hivyo kwa kuona fahari kwamba halipati moto.

Baada ya hapo

Wiki ya kwanza lala chini ya gari kila unapoegesha usiku. Baada ya kilomita 500 hivi pitisha spana kwenye fitingi zote injini ikiwa baridi, bila kulazimisha. Kwenye badiliko la kwanza la oili, kata filta kwa kisu cha kukatia mabati, fungua karatasi yake na uipitishie sumaku. Chembe za chuma zitakwambia kama kusafisha mipira kulifanyika sawasawa. Rangi ya shaba ni beringi, na hapo usiendelee kuendesha. Chumvi ya huku inakula aluminiamu, kwa hiyo osha rejeta kwa maji matamu kila ukitoka ufukweni.

Oili chafu usiimwage mchangani wala kuipaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa, ina sumu na mvua inaipeleka kwenye visima na mikoko. Iweke kwenye dumu, mpelekee anayekusanya.

Mwisho, rejeta na mipira haviishi oili unapofungua nati ya sampu. Sehemu ya oili ya zamani inabaki mle na kuchanganyika na mpya. Mimi nafungua mipira na kuimwaga rejeta kila badiliko la pili ili itoke yote, na kati ya hapo nabadili mapema kuliko kitabu kinavyosema. Andika kwenye kadi ngumu kiasi cha oili kinachoingia ukimwaga sampu tu na kiasi kinachoingia ukimwaga na rejeta, uibandike chini ya boneti. Fundi mwingine atakayeligusa gari lako asijaze kwa kubahatisha.